Koo Langu na Kuku wa Shukrani

Mlioniuliza ni wengi, na kila mmoja nilimjibu kwa kadiri nilivyomwona. Mama Beata nilimwambia kila kitu kilikwenda salama, kwa sababu alikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni na hakuhitaji mengine. Katibu wa kwaya nilimwambia asubiri. Mwalimu mkuu nilimwambia safari ilikuwa ndefu, naye akaridhika, maana hasa alichofuata ni kuiona shingo. Sasa majibu yangu yameanza kukutana njiani na kugombana, kwa hiyo nimeona niandike moja tu. Someni, mpeane, na mtakaowasomea wengine msiongeze chumvi, ya kwangu inatosha.

Kwa asiyenijua: naitwa Dafroza, ni mkulima wa hapa Masagati, mjane, naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kigango chetu, na ndimi ninayeanzisha nyimbo kwenye ibada na kwenye misiba. Alipofariki mume wangu nilikaa ndani muda mrefu bila kutaka kumwona mtu, na kilichonitoa nje ni kwaya. Nasema hili mapema ili msinione nilibabaika bure. Rovu, yaani huu uvimbe wa mbele ya shingo, lilianza likiwa kama limau, likawa kama embe dogo, na mwaka huu nikaanza kuhema nikipanda kilima hata nikiwa na kisu cha kukatia mboga tu mkononi. Mganga wa zahanati akaniambia niende Ifakara likatolewe. Nikamuuliza, "Na sauti?" Akasema, "Watakueleza hukohuko." Mambo ya rufaa, bima na picha nayaruka. Aliyeyapitia anayajua, na ambaye hajayapitia sitaki kumharibia siku.

Ila lazima nieleze tunavyochagua hospitali, kwa ajili ya wale jamaa zangu wa mbali watakaosoma. Hapa kwetu hospitali huchaguliwa Jumapili. Mtu akirudi amepona, siku ya matoleo anapita mbele na kuku wa shukrani, kwaya tunaimba, kisha anashuhudia: anataja hospitali, anamtaja daktari, mwingine anataja hadi rangi ya mashuka. Sisi tunapiga vigelegele, na hospitali imepanda daraja. Kwa kipimo hicho hospitali moja ya Ifakara ilikuwa imeziacha nyingine mbali kabisa, na mimi nitaiita Hospitali ya Kuku. Jina lake halisi silitaji, kwa sababu kila mmoja wenu ana shangazi anayefanya kazi mahali fulani.

Masagati hadi Mlimba: ushauri wa bure juu ya pikipiki

Msindikizaji wangu alikuwa wifi yangu Skola, dada wa marehemu. Skola ana moyo mzuri sana na mdomo usiofungwa. Tulipanda pikipiki mbili, yeye mbele, mimi nyuma, na kwenye kila nyumba tuliyopita nilimsikia akipaza sauti: "Tunampeleka Dafroza kukatwa shingo!" Watu waliokuwa wakianua mpunga walisimama na kunipungia mkono kama wanaoniaga moja kwa moja. Mama mmoja alijishika kichwa. Nilijitahidi kutabasamu, lakini kutabasamu kwenye pikipiki barabara ikiwa ya matope ni kuomba matope mdomoni.

Dereva wangu naye alikuwa mtaalamu. Akaniambia nikifika nisikubali sindano ya mkono wa kushoto. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "We mama fuata tu nachokwambia. Kuna mtu wa Utengule alichomwa kushoto, hakurudi." Nikamuuliza huyo mtu aliugua nini. Akasema hilo hajui, ila mkono anaujua. Nikashukuru. Ulikuwa ushauri wa kwanza wa safari, na kwa bahati mbaya haukuwa wa mwisho.

Mlimba tulifika tumekuwa rangi moja na barabara. Nilijifunga kitambaa shingoni, nikamkanya Skola asinitangaze tena, na yule mama wa kibanda cha chakula aliponiuliza tunakwenda wapi, nikamjibu mwenyewe, kwa upole, kwamba naenda Ifakara kwa mambo ya sauti. Nilidhani nimefunga mjadala. Mama yule akanitazama kitambaa, akatazama begi, akasema, "Kumbe! Unaenda kurekodi?" Kabla sijajibu ameshamwita dada yake jikoni aje amwone mwimbaji wa injili. Wali wangu ulikuja na nyama ambazo sikuziagiza. Skola alifungua mdomo kusema ukweli, nikamkanyaga mguu. Nilikula nyama ya msanii kwa amani kabisa, na nikaombwa wimbo ukitoka wausikie wa kwanza.

Mlimba hadi Mngeta: bunge kwenye matope

Basi liliondoka vizuri, jambo ambalo lingepaswa kututia wasiwasi. Tulipoipita Chita tukakuta lori la mpunga limelala barabarani kwa ubavu, magunia yameota pembeni kama uyoga, na dereva wake amekaa juu ya gunia anakula muwa kama mwenye nyumba. Tukashushwa. Kondakta akasema ni suala la dakika chache. Wasafiri wazoefu wakatandika kanga.

Skola alivumilia mpaka chai ya kwanza. Kisha akawaeleza wote rovu langu lilivyoanza, lilivyokua na linavyokwenda kutolewa, na bunge likaketi. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama akasema hospitali hujulikana kwa choo. "Shikamoo mzee," nikamwambia, "lakini mimi naenda kukatwa shingo." Akaitikia marahaba na kurudia palepale: choo kikiwa safi, daktari naye msafi. Dada aliyekuwa na kichanga akasema tuangalie manesi, kwani alikojifungua yeye alitukanwa mpaka akasahau uchungu. Bwana mmoja akasifia hospitali mpya ya Ifakara yenye vigae na runinga, ambayo ukikaa kwenye foleni hutaki kuitwa. Mwingine akasema la msingi ni chapati. Alieleza kwa kirefu kwamba ndugu wa mgonjwa akikosa chapati karibu, mgonjwa hapati uji kwa wakati. Sikuwahi kuwaza hivyo, na hadi leo namwona ana hoja.

Kijana wa chuo akatoa simu. "Mama, siku hizi hakuna kuulizana. Ingia mtandaoni, kila kitu kipo. Cheki, hii ina nyota nne."

"Nyota kazitoa nani?"

"Wateja."

"Wanasemaje?"

Akasoma. Mmoja alisifu maegesho ya magari. Mwingine alitoa nyota moja kwa sababu alikuta wamefunga, kumbe alikuwa amekwenda duka la dawa la jirani. Nikamwomba aifunge simu yake, kwa heshima zote. Kati ya watu wote wale wenye kujua choo, chapati na maegesho, hakuna aliyejua kama waliokatwa shingo bado wanaongea.

Mwenye chai alikuwa Bi Zuhura, mama wa makamo mwenye duka pale kando ya barabara, ambaye baba yake alitoka pwani zamani kufuata biashara ya mchele. Alikuwa akitumiminia chai ya tangawizi na kusikiliza. Skola akamweleza habari ya kuku wa shukrani, akafunga kwa kusema kwamba ndiyo maana hatuna wasiwasi, kuku wameshasema.

Bi Zuhura akaweka birika chini. "Samahani mwenzangu, mimi si wa dini yenu, pengine sijaelewa. Wanaopona wanaleta kuku."

"Ndiyo," akasema Skola.

"Na wasiopona wanaleta nini?"

Skola akafikiri. "Hao hawaleti kitu."

"Sasa habari zao mnazipata wapi?"

Nimeimba kwenye shukrani hizo tangu nikiwa msichana. Nimewapigia vigelegele watu wa henia, wa mguu, wa macho, wa uzazi. Haikuwahi kunipitia kichwani kwamba waliokwenda hospitali ileile na kurudi na shida yao walikuwa wamekaa kimya kwenye mabenchi ya nyuma, au hawakuja kabisa. Chai ikanipalia, na kwa shingo yangu ile kupaliwa si jambo la mchezo. Bi Zuhura alinipiga mgongoni, kisha akasema anamfahamu mteja wake mmoja wa Namawala, Mama Kulwa, mke wa mfugaji. Alitolewa rovu hukohuko kwa kuku wetu. "Nenda ukamsikie mwenyewe," akasema. "Mimi nisiongeze neno."

Lori liliinuliwa jua likiwa limeshalainika. Kondakta alituambia tuwahi kupanda kwa sababu tumemchelewesha.

Namawala: mtu ambaye hakuleta kuku

Skola hakutaka. Alisema kumtafuta mtu ambaye mambo yalimharibikia, tena ukiwa njiani kwenda kufanyiwa jambo lilelile, ni kujiitia mkosi kwa jina. Nikamwambia kwamba kama mkosi unanisubiri Ifakara, basi napenda tufahamiane mapema. Tukashuka kwenye njia ya Namawala, yeye akinuna, na kwa mara ya kwanza katika safari hiyo akanyamaza.

Namawala ni kijiji cha wakulima wa mpunga kama sisi, isipokuwa wao wana mbu maarufu. Wataalamu wamewafuata mbu wa kule kwa miaka mingi. Inajulikana wanauma saa ngapi, wanapenda kutua wapi na wanazaliana kwenye maji ya namna gani. Nilipita nikiwaza kwamba mbu wa Namawala akitaka kumchagua mtu wa kumuuma kuna watu wanajua atachaguaje, na mimi nakwenda kulazwa mezani kwa mtu nisiyejua hata kama amewahi kukosea.

Tulimkuta Mama Kulwa uani anapeta mchele, mwanamke mrefu mwenye shanga, amenizidi umri kidogo. "Shikamoo dada," nikasema. Akaitikia kwa kichwa, akatutazama mabegi, akainuka na kufungua mlango wa chumba.

"Chandarua kipo," akasema. "Tunalalia kila siku. Hakina tundu."

Alikuwa ametudhania wale wataalamu wa mbu, tumekuja kumhoji. Lakini sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeisikia sauti. Ilikuwa pumzi tupu yenye mikwaruzo, ya mtu anayenong'ona kwa nguvu zake zote. Nilifungua kitambaa nikamwonyesha shingo. Akaisogelea, akaigusa kwa vidole viwili, polepole, kisha akanivutia kigoda.

Tulikaa muda mrefu, kwa sababu yeye hupumzika katikati ya sentensi. Alisema ng'ombe hawezi kuwaita tena, anagonga mfuniko wa sufuria, nao wamezoea. Watoto wakikosea anawafuata hadi walipo. Kuhusu daktari hakuwa na ubaya naye. "Rovu lilikuwa linaninyonga. Nilikuwa nalala nimekaa. Sasa nalala chali kama mtu." Akameza mate. "Ila hakuniambia kabla. Nimeamka, natafuta sauti, haipo. Nikajua nimekufa nusu."

"Ungeambiwa ungekataa?"

Akatikisa kichwa. "Ningekubali. Lakini ningeaga. Mwanangu mkubwa alikuwa anaolewa. Ningemwambia maneno yote kwanza, kwa sauti yangu."

Skola, ambaye alikuwa amekuja kwa kuburutwa, alianza kulia kwa kwikwi. Mimi nililia baadaye. Mama Kulwa alitupikia ugali na kambale wa mchuzi, samaki mtamu sana, na tulipoaga akasema watu wengi wamekuja kumuuliza habari za mbu, wa shingo tulikuwa wa kwanza.

Ifakara, Lipangalala: hospitali ya vigae

Tulifikia Lipangalala kwa mdogo wake Skola, mpishi wa shule, anayepima wali kwa jicho la wanafunzi mia nzima. Skola alikuwa amekwisha amua: Hospitali ya Kuku tumeyaona matunda yake, sasa twende ile ya vigae aliyoisifia bwana wa kwenye basi. Sikubisha, kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa.

Lazima niseme ukweli, vigae vilikuwa vigae. Dada wa mapokezi alitusalimia mpaka nikageuka kuangalia nyuma kama kuna mkubwa. Kulikuwa na maji ya kunywa ya baridi na ya moto, na kwenye runinga mwanamke wa mahali fulani alikuwa anamwaga machozi kwa sababu ya mchumba. Choo nilikwenda kukiona kwa niaba ya mzee wa kofia. Kilikuwa safi.

Daktari alikuwa kijana, mchangamfu, koti limepigwa pasi. Aliitazama shingo yangu kwa muda ule anaotumia mtu kuangalia kama mvua inakuja. "Mama, hii kazi ndogo sana. Wiki ijayo tunamaliza."

"Umeshakata shingo nyingi, daktari?"

"Tuna mashine za kisasa kabisa."

"Wewe mwenyewe."

"Sisi tunafanya kazi kama timu, mama."

Nikaona niende moja kwa moja. "Kuna mtu yeyote amewahi kupoteza sauti?"

Akatabasamu na kuinamisha kichwa upande, namna wanavyofanya watu wanaotaka kukushika mkono. "Mama, kwetu hapa ni asilimia mia. Wewe si mtu wa imani? Basi tumwachie Mungu."

Nilimwambia Mungu tumeshazungumza naye kwa kirefu tangu Masagati, na kwamba pale nilikuja kuzungumza na yeye, daktari. Akacheka sana, akaniambia mimi ni mcheshi. Nikafunga kitambaa changu nikatoka. Skola alinifuata akilalamika kwamba nimemwaibisha mbele ya watu wastaarabu, tena soda tuliyoahidiwa ilikuwa bado haijaletwa.

Hospitali ya Kuku

Hapa hakukuwa na soda. Kulikuwa na benchi refu limejaa watu wa bonde zima: Wandamba, Wapogoro, Wasukuma, mama mwenye buibui na mkoba wa nyanya, na nesi mmoja aliyekuwa akiita majina kama anayesoma orodha ya wadaiwa. Tulikaa mpaka makalio yakasahau kazi yake. Skola alijenga urafiki na benchi lote na kila mmoja akaijua shingo yangu.

Daktari bingwa alikuwa mtu mzima, mnene, macho yamechoka. Hakutabasamu wala hakuniuliza habari za nyumbani. Alinishika shingo kutoka nyuma, akaniambia nimeze, nimeze tena, akanipa maji nimeze. Alitumia muda mpaka nesi akachungulia. Kisha akakaa na kusema linapaswa kutolewa, limeanza kusukuma koromeo.

Nilikuwa nimeliandaa swali langu kwa upole. Lilitoka bila upole wowote. "Wangapi umewapotezea sauti?"

Skola aliangalia dari. Daktari aliweka kalamu mezani.

"Wapo," akasema. "Wengi sauti inakwaruza kwa muda halafu inarudi. Wachache hairudi kama ilivyokuwa. Nyuma ya hiyo tezi inapita mishipa ya sauti, myembamba sana, na rovu likiwa kubwa mishipa hujificha. Yupo mama mmoja wa upande wa Namawala, wafugaji. Yule nilimkata mimi, kwa mikono hii. Sauti yake imekwenda."

Hakuna aliyemtajia Namawala. Sikuwa nimesema tulipita wapi. Maneno yakanitoka: "Kwa nini hukumwambia kabla?"

Alinitazama, akajua kwamba najua. "Niliogopa atakimbia," akasema. "Alikuwa anakosa pumzi, nikaona nikimwambia ataondoka afie nyumbani. Nilifanya kosa. Ndiyo maana wewe nakwambia." Akashika tena kalamu, akaiacha. "Unafanya kazi gani, mama?"

"Nalima mpunga. Na naimba, sauti ya kwanza."

"Imba."

"Hapa?"

"Nataka kuijua sauti yako kabla sijaigusa. Imba ya juu unayoiweza."

Jamani, nimeimba mbele ya askofu, lakini sijawahi kutetemeka vile. Nilifumba macho nikaanzisha wimbo wa maingilio, ule tunaoutumia sikukuu, nikaupandisha hadi kule juu ambako Mama Beata huwa anaacha na kujifanya anakohoa. Sikufikiria kuhusu mlango. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na nilipofika kwenye kiitikio, benchi lote likaitikia! Sauti ya pili ilikuwepo, ya tatu ilikuwepo, na mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa bandeji akashusha ya nne mpaka dirisha likatetemeka. Nesi akaingia mbio. "Daktari, kuna nini humu, tunaabudu?" Daktari akamwonyesha kwa kidole anyamaze, mpaka nilipomaliza.

"Sauti hiyo ya juu siwezi kukuahidi," akasema. "Pumzi nakuahidi nitaipigania, na kuongea nitajitahidi sana. Hiyo ya juu, sijui. Nenda ukafikiri."

Nilikwenda nyuma ya jengo, wanakopikia ndugu wa wagonjwa, nikakaa kwenye jiwe nikalia. Niliogopa kufa, na niliogopa zaidi kurudi Masagati nikakae tena ndani ile niliyotoka. Lakini nilikuwa nimeulizia sauti yangu kwa watu wa njia nzima, na yule mtu mzima mwenye macho yaliyochoka ndiye wa kwanza kuniambia "sijui". Nikafuta kamasi, nikarudi, nikamwambia akate. Kabla ya siku yenyewe nilimwomba Skola simu, nikawapigia wanangu wote wawili, nikawaimbia. Mkubwa alidhani nimelewa.

Ya chumba cha upasuaji siyajui, nililala. Nilipoamka nilisikia nesi yuleyule wa majina: "Taja jina lako." Nikalitaja. Likatoka nene, la kukwaruza, kama la baba mdogo wangu akitoka kilabuni, lakini likatoka. Skola akarudi nyuma hatua moja akasema, "Nesi, huyu si wifi yangu." Nilitaka kucheka nikashindwa kwa ajili ya nyuzi, machozi yakanitoka hadi masikioni. Daktari alipopita jioni alinisikiliza, akatikisa kichwa kwa kukubali, akaenda kitanda cha pili. Hata hapo hakutabasamu.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na visa, au vilikuwepo sikuvijali. Nilikuwa napumua mpaka ndani, nikapanda kilima cha mwisho kwa miguu kwa kiburi tu. Mikwaruzo ilipungua wiki hadi wiki. Nilipoona sasa sauti imetulia nilikwenda mtoni peke yangu nikajaribu ule wimbo wa maingilio. Nilipanda, nikapanda, na kule juu hakukuwa na kitu. Ilitoka pumzi. Nilijaribu mpaka kanga zote nilizofua zikakauka. Basi, ya juu imekwenda, na nasema hivi ili mwache kuniambia itarudi. Inauma. Siku nyingine inauma kuliko kidonda. Mwalimu wa kwaya amenihamishia sauti ya pili, karibu na Mama Beata, ambaye ananifundisha kwa raha isiyofichika.

Jumapili ile nilipita mbele na kuku wangu kama desturi. Nikashika kipaza sauti nikasema nimekatwa salama, napumua, nalala, namshukuru Mungu na daktari. Vigelegele vikaanza. Nikasema sijamaliza. Nikawaambia kwamba sauti yangu ya juu haikurudi, kwamba daktari aliniambia kabla kuwa huenda isirudi, na kwamba kuna mama Namawala ambaye yake imekwenda yote kwa mikono ileile. Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Mpiga ngoma alibaki na fimbo hewani. Katekista akanikonyeza nishuke. Baadaye niliambiwa nimeichafua shukrani, na kwamba kuku mzima namna ile hatolewi na maneno ya hivyo.

Nilikuwa nimekaa nje navaa viatu alipokuja mwanamke mmoja ambaye simfahamu, wa kijiji cha pili, amejifunga kanga shingoni siku ya joto. Akasalimia, akakaa. Sikuhitaji kuambiwa kilichokuwa chini ya kanga. Nikaanza kumweleza: hospitali, daktari, aulize nini.

Akanishika mkono. "Hapana, dada. Wewe ongea tu."

"Niongee nini?"

"Chochote."

Basi nikamsimulia haya yote niliyowaandikia, kuanzia pikipiki, nyama ya Mlimba, chandarua kisicho na tundu. Hakuwa anafuata kisa hata kidogo. Alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho, anaisikiliza sauti yenyewe, ilivyo nene, inapokwaruza, inapokatika. Nilipofika kwenye benchi nikamwimbia kipande, kwa hii hii niliyobaki nayo. Akafumbua macho.

"Hiyo," akasema, "mimi naichukua."